Barua Saba za Chumba cha Kujifungulia

Asubuhi milimani Werugha huanza na ukungu. Unamsikia ng'ombe wa jirani akilia, lakini humwoni. Wakio alikuwa amezoea. Alimkamua ng'ombe wake, akafunika mtungi wa maziwa, kisha akashuka kwenye matuta kukata kabeji. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, siku ya kupeleka mboga soko la Voi.

Mke wa mwanawe Morris, Cynthia, alitoka jikoni kwake aje kumsaidia. Wakio alimwona akiinama, akaweka kisu chini.

"Cynthia, hilo gunia usiinue."

"Ni jepesi, mama."

"Hata kama. Rudi ukae."

Cynthia alikuwa na mimba ya miezi miwili. Nyumbani hakuna aliyeizungumzia. Miaka miwili iliyopita alishikwa na uchungu siku ya mvua kubwa. Zahanati ya kijiji chao, kilicho juu kidogo ya Werugha, ina nesi mmoja wa kutibu kikohozi na vidonda, lakini haikuwa na mkunga. Gari la kumpeleka hospitali liliteleza likakwama kwenye kona. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, akafa kabla gari halijatoka kwenye tope. Wakio ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Mpaka leo akipita kona ile hutazama upande mwingine.

Cha kuudhi ni kwamba chumba cha kujifungulia kilikuwepo. Wanakijiji walikijenga wenyewe nyuma ya zahanati. Wanaume walichonga mawe, wanawake wakayabeba, kina mama wa kanisa wakanunua kitanda. Walipomaliza waliimba, wakaomba, wakafunga mlango wakamngoja mkunga. Walingoja mwaka, wakangoja miwili. Mwishowe mtu mmoja aliomba aweke humo mbegu zake za viazi, maana chumba kilikuwa kikavu na kizuri. Kisha akaja wa pili. Basi kitanda cha wazazi kikawa kitanda cha viazi.

Msidhani walikaa kimya. Ronald, mume wa Wakio, ndiye katibu wa kamati ya zahanati, na ana mwandiko ambao kijiji kizima kinajivunia. Kila mwaka aliandika barua ya kuomba mkunga. Kila mwaka alivaa koti lake la kanisani, akampelekea chifu. Barua zilikuwa zimefika saba. Asubuhi hiyo alimpa Wakio ya nane, ndani ya bahasha safi.

"Ukifika Voi itoe kopi mbili," alisema. "Na usiikunje."

"Hii nayo watajibu?"

"Hii nimeandika kwa herufi kubwa mwanzoni."

Wakio alitaka kucheka, lakini alimwona Cynthia mlangoni akisikiliza. Hakucheka.

Sokoni Voi, mteja wake mkubwa alikuwa Mwalimu Nasimiyu. Baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa hapo hapo Voi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alifundisha darasani miaka thelathini. Siku hizi anauzia hoteli mboga, lakini ualimu haujamtoka. Ukimpelekea kabeji iliyooza anakurudishia huku amekukazia macho, na unajisikia umefeli mtihani.

Siku hiyo aliiona bahasha.

"Hiyo ni nini, Mama Morris?"

Wakio alimpa. Mwalimu alivaa miwani, akasoma yote akiwa amesimama.

"Mwandiko mzuri. Wa nani?"

"Baba Morris."

"Na barua inaenda kwa nani?"

"Kwa Chifu Hillary. Si yeye ndiye serikali?"

"Na zile za kwanza?"

"Zote kwake. Anazipiga muhuri, anampelekea mkubwa wake, huyo anampelekea mkubwa wake, mpaka Nairobi. Jibu ni moja tu kila mwaka. Imepokelewa."

Mwalimu alivua miwani polepole.

"Zahanati si ya chifu, Mama Morris."

"Ni ya serikali."

"Ndiyo. Serikali gani?"

Wakio alidhani anataniwa. Kwake serikali ilikuwa moja. Ilianza kwa chifu, ikapanda juu, ikaishia mahali ambapo yeye hangefika. Mwalimu alimsukumia kreti tupu.

"Keti. Hebu niambie, kwenye boma lako kuna meko mangapi?"

"Mawili. Langu na la Cynthia."

"Nani mkubwa?"

"Mimi. Si ni mama mkwe?"

"Basi huwa unaingia kwake unafunua sufuria, unaongeza chumvi?"

"Aah, hapana. Hiyo ni aibu. Jiko ni lake."

"Na mkiwa na wageni?"

"Tunakaa chini tunapanga. Yeye anapika wali, mimi napika mboga."

"Umenimalizia kazi," alisema Mwalimu. "Kenya ni boma moja. Lakini tangu tupitishe Katiba ya mwaka elfu mbili na kumi, kuna serikali ya kitaifa na kuna serikali za kaunti, arobaini na saba. Kila moja ina jiko lake. Zinapanga pamoja, zinasaidiana, lakini hakuna anayefunua sufuria ya mwenzake. Mpango huo unaitwa ugatuzi."

Aliingiza mkono chini ya meza ya mboga, akatoa kitabu kilichochakaa pembeni. Kilikuwa Katiba. Alifungua karibu na mwisho, mahali palipoandikwa Jedwali la Nne.

"Huku ni kazi za kitaifa. Jeshi, polisi, mambo ya nchi za nje, mitihani ya shule, kulinda wanyama wa porini, hospitali kuu za rufaa. Chifu yuko ngazi hii. Yeye na kamishna wa kaunti na wakubwa wao wanatoka jiko la Nairobi. Huku sasa ni kazi za kaunti. Masoko kama hili. Barabara ndogo. Shule za chekechea. Daktari wa ng'ombe wako. Soma hapa mwenyewe."

Wakio aliweka kidole kwenye mstari. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kanisani, na bado husoma kwa sauti ya chini.

"Vituo... vya afya... vya kaunti."

"Hiyo ndiyo zahanati yenu. Mkunga anaajiriwa na kaunti. Barua zenu saba zilikuwa zinapanda ngazi nyingine."

Wakio alirudia ule mstari kwa kidole. Soko lilikuwa na kelele lakini yeye hakuisikia. Miaka saba. Na jibu lilikuwa limeandikwa, limechapishwa, limelala chini ya meza ya sukuma wiki.

"Chifu angetuambia," alisema Wakio.

"Chifu alifundishwa asikatae barua ya mwananchi. Alifanya alichojua. Na nyinyi je, hamjawahi kuona tangazo la mkutano wa bajeti ya kaunti?"

Wakio alikumbuka. Kila mwaka kulikuwa na karatasi kwenye mlango wa zahanati. Walidhani ni mambo ya wanasiasa, wakapita.

"Nikuulize, Mwalimu. Rais akiamka na hasira, si anaweza kumfuta Gavana kazi?"

"Hawezi hivi hivi. Gavana alichaguliwa na nyinyi. Kuna sheria, kuna Seneti, kuna mahakama. Rais ana kura zake na Gavana ana zake."

"Na Gavana akitaka kutumia pesa anavyotaka?"

"Hawezi mpaka Bunge la Kaunti lipitishe bajeti. Humo ndimo anakaa MCA wenu, mwakilishi wa wadi yenu, pamoja na wa wadi nyingine. Kaunti yetu ina wadi ishirini."

"Na hilo Bunge likipitisha tu?"

"Lazima liwaulize wananchi kwanza. Ni sheria."

"Wananchi gani?"

"Wewe. Na Baba Morris. Na Cynthia."

Wakio alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshtuka. Alikuwa amejaribu kupanda juu kabisa amwone mwenye neno la mwisho, na safari imemrudisha kwenye matuta yake ya kabeji.

"Kuna nchi zimeenda mbali zaidi," Mwalimu aliendelea. "Majimbo yao yana katiba zao na mahakama zao. Hizo zinaitwa nchi za shirikisho. Sisi hatukufika huko. Lakini wazo ni lile lile. Mamlaka yote yasikae kwenye mkono mmoja, maana mkono ule ukilala, nchi nzima inalala."

Jioni Wakio aliwaeleza watu wa nyumbani. Ronald alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda dirishani.

"Miaka saba," alisema. "Na mwandiko wote ule."

"Mwandiko bado unao," Wakio alimwambia. "Tutabadilisha anwani tu."

Asubuhi walikwenda kwa Chifu Hillary kwanza, kwa heshima. Walidhani atakasirika. Yeye alivuta pumzi, akaketi.

"Mzee Ronald, hizo barua zilikuwa zinaninyima raha," alisema. "Kila mwaka nazipeleka juu, na kila mwaka nakuona na lile koti. Nilipaswa kuuliza zaidi. Nisameheni. Na mkutano wa kaunti uko wiki ijayo. Nitawatangazia watu kwenye baraza, hiyo ninaweza."

Na kweli alitangaza. Wiki iliyofuata watu wa kijiji walijaa kwenye ukumbi wa kanisa. Maafisa wa kaunti walikuja na makaratasi ya mpango wa fedha wa mwaka ujao. Mmoja wao alisoma orodha ya mambo ya wadi yao. Kulikuwa na barabara, kulikuwa na bomba la maji. Zahanati haikutajwa.

Wakio alinyanyua mkono. Alisimama.

"Mimi naitwa Wakio. Tuna chumba cha kujifungulia. Tulibeba mawe yake kwa kichwa. Hakina mkunga, kina viazi. Mjukuu wangu wa kwanza alifia kwenye gari kwa sababu hiyo. Mwezi wa tisa kuna mwingine anakuja. Sijui kusema mengi. Nauliza tu, chumba chetu kiko wapi kwenye hiyo karatasi?"

Kijana mmoja wa kaunti aliandika, kisha akamwomba arudie polepole aandike vizuri. Hilo ndilo lililomshangaza Wakio kuliko yote. Mtu wa ofisi, mwenye beji shingoni, alikuwa anamngojea yeye amalize sentensi.

"Tumeandika, mama," alisema kijana. "Lakini msiishie hapa. Kila mtu ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Andikeni, mweke sahihi, mkampe karani wa Bunge. Wakilipokea ni lazima walishughulikie."

Ronald aliandika usiku mmoja tu. Safari hii Wakio alisema na yeye akaandika, bila herufi kubwa. Watu mia mbili na kumi waliweka sahihi. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba. Chifu Hillary naye aliweka sahihi yake, akasema anaiweka kama mkazi.

Mwezi wa tatu waliitwa Wundanyi, kwenye Bunge la Kaunti. Wakio na Ronald walikaa kwenye viti vya wageni, nyuma. Wakio hakuwahi kuwaza kwamba mtu kama yeye anaruhusiwa kuingia humo. Mlangoni walimwuliza jina tu, wakamwonyesha kiti.

Kisha kengele ikalia, na watu wote wakasimama. Aliingia mtu amebeba rungu linalong'aa, akifuatwa na Spika. Rungu liliwekwa mezani. Ronald alimnong'oneza kwamba bila rungu lile kikao si kikao. Wakio alitazama wale wawakilishi. Wengine aliwajua. Mmoja alikuwa ananunua maziwa kwao zamani. Nje ni watu wa kawaida kabisa, wenye madeni na mafua. Humu walikuwa wanaomba ruhusa kabla ya kusema, na mkubwa wao na mdogo wao walipewa dakika zile zile.

Mwakilishi wa wadi yao alisimama.

"Mheshimiwa Spika, nina ombi la wananchi."

Akaanza kusoma. Wakio aliyatambua maneno. Yalikuwa yake, yale aliyoyasema mezani kwao huku akimenya ndizi. Mwakilishi aliposoma kwamba mbegu za viazi zimelala kwenye kitanda cha wazazi, wawakilishi kadhaa walicheka. Aliposoma kuhusu mtoto wa kwenye gari, hakuna aliyecheka. Wakio alishika mkono wa mumewe hadharani, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu harusi. Alikuwa akilia na hakuona haya.

"Wanatusikia," alisema. "Baba Morris, wanatusikia kweli."

Ombi lilipelekwa kwa kamati ya afya ya Bunge. Mwezi wa nne kamati ilikuja kijijini kuangalia. Mwenyekiti wao alifungua mlango wa chumba, akatazama viazi, viazi navyo vikamtazama kwa macho yaliyoanza kuchipua. Alitoka nje akaandika kwa muda mrefu.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Tumbo la Cynthia lilikua. Wakio alianza kupoteza subira, akampigia Mwalimu Nasimiyu simu karibu kila wiki.

"Kwa nini MCA asituletee mkunga mwenyewe, tumalize?"

"Si kazi yake kuajiri. Bunge linapitisha bajeti na kuangalia isiliwe. Bodi ya utumishi ya kaunti ndiyo inaajiri. Gavana na mawaziri wake ndio wanatekeleza."

"Watu wengi hivyo kwa mkunga mmoja?"

"Ndiyo, inachelewesha. Mtu mmoja akiamua peke yake mambo yanaenda haraka. Lakini siku akiamua kukunyima, utamwendea nani?"

Wakio alifikiria hilo siku nzima, kwenye kabeji na kwenye maziwa. Aliona kwamba ni kweli, ingawa bado aliogopa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita bajeti ilipitishwa. Ronald alikwenda kuiangalia kwenye ofisi ya wadi, akatafuta ukurasa kwa ukurasa. Kwenye sehemu ya afya aliukuta mstari mmoja wa zahanati yao. Mkunga na vifaa vya uzazi. Alirudi nyumbani, akauandika mstari ule kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri, akaubandika ukutani juu ya redio.

Viazi viliondolewa Jumamosi moja. Walipaka chokaa, wakasugua sakafu, wakafua godoro. Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane alifika mwanamke kijana na sanduku moja. Aliitwa Koki, Mkamba wa kule chini tambarare, na jambo la kwanza aliuliza maji yako wapi. Cynthia alienda kupimwa siku hiyo hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, Wakio alimsikia akiimba jikoni kwake.

Uchungu ulianza asubuhi, tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa tisa. Mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umefunika barabara yote. Cynthia alitembea kwa miguu mpaka zahanati, mwendo wa dakika kumi, amemshika mama mkwe wake begani. Koki alimpokea mlangoni, akamwambia Wakio akae nje kidogo. Wakio alikaa kwenye benchi. Aliomba kwa Kidawida, lugha ambayo huitumia anapoomba jambo la moyoni. Hakujua alikaa muda gani.

Kisha akasikia mtoto akilia. Alilia kwa nguvu, kama mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari.

"Ni msichana, nyanya," Koki alimwita. "Wote wazima. Ingia."

Wakio aliingia akasimama katikati ya kile chumba. Ukuta ulikuwa wa mawe yao. Mkunga alikuwa amekuja kwa sahihi zao. Alitaka kushukuru lakini hakujua aanze na nani, maana walikuwa wengi mno.

Koki alimchoma mtoto sindano ndogo mkononi. Kisha akakaa, akaanza kujaza karatasi.

"Hiyo ni ya kaunti?" Wakio aliuliza. Siku hizi alikuwa anauliza kila kitu.

"Hapana, hii inaenda kwa msajili wa vizazi. Kusajili watoto ni kazi ya serikali ya kitaifa. Hata chanjo niliyomchoma imeletwa na ya kitaifa. Mimi mwenye kuchoma ndiye wa kaunti."

Wakio alimchukua mjukuu wake, akamtazama. Alikuwa na umri wa nusu saa. Hajui hata jina lake, na tayari serikali mbili zimemshughulikia, moja imempokea na nyingine inamwandika.

"Sasa huyu mtoto ni wa serikali gani?"

Koki aliacha kuandika.

"Yeye si wa serikali, nyanya. Serikali zote mbili ni zake."

Cynthia alinyoosha mikono, na Wakio akampa binti yake.